Daftari za Bwana Kimya

Karatasi aliyorudi nayo Mama Sindano kutoka kwa mfasiri ilikuwa moja tu, imepigwa chapa vizuri, ina muhuri wa bluu chini upande wa kulia, na kwa kadiri alivyoielewa ilikuwa inamtangaza marehemu mumewe kuwa mwendawazimu.

"Mchele, mchele," dada yake alisoma kwa sauti, ameiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Kunguru, ghala, mnara. Kicheko, leso, pokea. Mchele, mchele. Ile, magharibi, heri, ya pili."

Akasoma tena, kisha akavua miwani. Dada mkubwa yule alikuwa hodari wa kutafuta mfupa hata kwenye uji, na leo alikuwa ametiliwa mifupa mizima bakulini.

"Si nilikwambia mumeo alikuwa na mke mwingine? Ana mashamba ya mpunga huko kwao. Ana ghala. Ana nyumba yenye mnara. Na leso je? Fundi wa pampu haipelekei pampu leso. Haya, na hiyo 'ya pili' niambie wewe mwenyewe ni nini."

"Sijui, dada."

"Usilolijua ni kama usiku wa giza, mdogo wangu. Ila sasa kumekucha."

Kumekucha wapi! Dada alipoondoka, Mama Sindano aliketi mbele ya cherehani yake, mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga, akaitazama ile karatasi mpaka maneno yakawa kama hayana maana hata kwa Kiswahili. Mchele. Kunguru. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na kilichobaki ni orodha ya vitu vya dukani na ndege mmoja.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuja kutoka Uchina na kikosi cha mafundi, wakafunga pampu, wenzake wakapanda ndege, yeye akabaki kwa ajili ya mwanamke aliyemshonea mfuko wa suruali uliotoboka. Majirani walimwita Bwana Kimya, na hawakukosea. Maneno yake yalihesabika: ndiyo, hapana, asante, kesho, chai. Akiulizwa swali refu alitabasamu, akatafuta kitu cha kutengeneza. Nyumba nzima haikuwa na bawaba inayolia wala bomba linalovuja, maana kila walipotaka kuzungumza alikwenda kulikaza.

Lakini jioni, baada ya chai, aliketi kwenye meza ya dirishani akaandika. Kila siku, katika daftari zile za shule zenye jedwali la hesabu nyuma. Na kila mkewe alipokaribia, hata kuchukua kikombe tu, aliufunika ukurasa kwa mkono, kuanzia kiwiko mpaka vidole, kama mtu anayezuia upepo. Mwanzoni Mama Sindano alicheka. Baadaye hakucheka tena. Mtu anayekunyima maneno akaipa karatasi, utamwelezaje?

Miezi saba iliyopita moyo wa mumewe ulisimama asubuhi, kazini, spana ikiwa mkononi. Aliacha daftari kumi na moja. Tarehe tu ndizo mjane alizoweza kuzisoma, kwa sababu ziliandikwa kwa tarakimu za kawaida. Mengine yote yalikuwa alama, visanduku na vijiti, mstari juu ya mstari.

Watu walimpa pole, akazipokea. Ila mbele ya picha ya marehemu, iliyotundikwa juu ya kabati, alikuwa na swali moja lililomzuia hata kulia sawasawa. Alitaka kujua kama alikuwa na mume au alikuwa na mpangaji. Mume unamlilia. Mpangaji akiondoka unafagia chumba, basi. Na yeye alikuwa ameshika ufagio kwa miezi saba, hajui afagie au aketi chini alie.

Ndiyo maana akaenda kwa yule mfasiri wa kwanza, kijana wa tai nyekundu aliyekuwa akifasiri maandishi ya kwenye maboksi ya bidhaa na vitabu vya maelekezo ya mashine. Alimpelekea ukurasa wa mwisho kabisa, ulioandikwa siku tatu kabla ya kifo. Kijana aliupiga picha kwa simu, akaandika, akagonga muhuri, na yote hayo mama wa watu hajapata hata kukaa vizuri kwenye kiti.

"Mbona hayaungani?" Mama Sindano alimuuliza.

"Mama, kila alama nimeipa maana yake. Marehemu kama aliandika hivyo, mimi nifanyeje?"

Kwa wiki nzima karatasi ile ilikaa kwenye meza ya kukatia, chini ya mkasi. Dada alikuja mara tatu kushauri picha ishushwe. Mara ya tatu Mama Sindano aliishusha kweli, akaifuta vumbi, akakosa pa kuiweka, akairudisha. Jioni hizo alikunywa chai akiwa amesimama, kwa kuwa kuketi peke yake kwenye meza ile ya dirishani kulimshinda.

Aliyemwonyesha njia alikuwa mkunga mmoja, mteja wake wa siku nyingi, aliyekuja kupima gauni. Amesimama juu ya kibao, pini zimemzunguka kiunoni, akaiona ile karatasi.

"Hii umefanyiwa na nani? Na simu?"

"Na kijana wa tai."

"Basi ni simu. Tai haijui Kichina." Mkunga akajigeuza kwa hadhari, maana pini hazina adabu. "Nenda kwa Mwalimu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi. Yule alituandikia maelekezo ya mashine zetu zote za wodini. Anauliza maswali mengi kama polisi, lakini hakuna mtoto aliyedhurika."

Mwalimu alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mfupi, mwenye sweta lililofumuka kiwiko. Mama Sindano aliona kiwiko kwanza, uso baadaye, ndivyo walivyo mafundi. Alikuwa amesoma Uchina miaka tisa, akafundisha, akafasiri, akazikwa na kamusi akiwa hai: zilijaa kwenye rafu, sakafuni, na juu ya kiti cha pili, ambacho ilibidi kiondolewe mzigo ili mgeni aketi. Kilionekana kiti kisichokaliwa mara nyingi. Ukutani palikuwa na kibao: HAPA HATUFASIRI UKISUBIRI MLANGONI.

Aliziangalia zile daftari bila kuzifungua.

"Marehemu alizaliwa wapi? Mjini au shamba? Kaskazini au kusini?"

"Kaskazini, alinionyesha kwenye ramani. Kwani inahusu?"

"Inahusu sana. Kichina si kimoja, mama. Wapo wawili wakizungumza hawaelewani, wakiandikiana wanaelewana. Na maandishi yenyewe yapo mazito ya zamani na mepesi ya siku hizi. Ukimpa mtu wa mepesi barua ya mazito, atabahatisha, halafu atakugongea muhuri." Akaangalia dari kidogo. "Sisemi mtu."

"Aliandika mazito au mepesi?"

Mwalimu akafungua daftari moja. "Mepesi. Mwandiko safi, wa mtu wa Mandarini, Kichina cha shuleni, aliyekaa darasani. Vizuri, hapo hatutagombana. Alikuwa anamwandikia nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Mwalimu akalifunga daftari. Kisha akamwambia sharti lake, na akalisema kama mtu aliyelisema mara elfu: hashiki kalamu kabla hajausoma ukurasa mzima kwa sauti. Mzee aliyemfunza alimlazimisha hivyo. Alama ya Kichina ina maana na ina sauti. Macho yanadaka maana, yanaridhika, yanakimbia. Lazima mdomo nao upewe zamu yake.

"Nina saa nzima," alisema Mama Sindano. Alikuwa nazo zaidi ya hiyo, alikuwa na jioni zote.

Mwalimu akaanza na ukurasa wa mwisho. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikajikunja, ikapanda tena, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba asiyoijua. Mama Sindano alifumba macho. Hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akisikika kwenye simu na kaka yake mkubwa: mtu mwingine kabisa, mwepesi, mcheshi, mwenye maneno. Siku zile alikuwa akisimama nyuma ya mlango wa jikoni kumsikiliza akicheka, na alimwonea wivu yule kaka wa upande wa pili wa dunia. Wivu ulimrudia pale pale kitini, mbichi kama jana.

Mwalimu akasimama katikati ya mstari. Akakunja uso.

"Hapa hakuna sentensi. Ni kama mtu kamwaga vifungo. Mchele, mchele, kweli imeandikwa, yule kijana hakudanganya. Lakini Mchina haandiki hivi. Hata mgonjwa haandiki hivi."

"Kwa hiyo alikuwa..."

"Ngoja. Nirudie."

Akarudia, na safari hii alikuwa amechoka kidogo, anafikiri, hakujishughulisha tena kupandisha na kushusha sauti. Silabi zikatoka bapa, moja moja, kama mtoto anavyosoma ubao.

"Mi. Mi. U. Ku. Ta. Ha. Pa. Na."

Mama Sindano aliweka mkono juu ya meza.

"Sema tena."

"Mi, mi. U, ku, ta..."

"Haraka kidogo. Usiimbe."

"Mimi ukuta hapana," alisema Mwalimu, na akaitoa miwani yake usoni kama vile imemchoma. "Ee Mungu wangu."

Wakaangaliana, wanawake wawili wenye umri wao, na kwa muda hakuna aliyethubutu kuugusa ule ukurasa.

"Hiki si Kichina," Mwalimu alisema polepole. "Ni Kiswahili. Ameandika sauti za Kiswahili kwa alama za kwao. Wanafunzi wa kule hufanya hivi wakijifunza lugha ngeni, wanachukua alama yoyote yenye sauti inayokaribia, maana yake wanaiacha: mchele husomwa 'mi', kunguru 'u'. Hata mimi nilifanya kinyume chake. Niliandika Kichina changu chote kwa herufi zetu na kuficha daftari chini ya godoro, mwalimu asilione. Nilikuwa na aibu mpaka nilitaka kurudi nyumbani." Akafungua daftari la kwanza, akasoma kwa ile sauti bapa: "Kalibu chai. Umelala salama. Pole na kazi. Leo iko joto." Akafungua jingine. "Nyanya imeisha. Ngoja niwashe taa. Mbona hujala? Mama, haya ni maneno ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Sindano.

Yalikuwa yake. Yote. Aliyosema jikoni, aliyosema mlangoni, aliyowaambia wateja, aliyomfokea paka wa jirani. Mtu yule alikuwa ameyaokota kila siku, na jioni akaketi kuyaandika kabla hayajamtoka. Na yalikuja na kinywa chake mwenyewe, kwa kuwa Kichina chake hakikumpa sauti zote: "karibu" ilikuwa "kalibu", na palipotakiwa "ki" paliandikwa "ji". Mwalimu alikuwa anasoma tu kilichoandikwa, lakini aliyesikika chumbani ni Bwana Kimya.

"Kwa nini hakuniuliza tu?" Mama Sindano alisema. "Ningemfundisha. Ningemfundisha kila siku!"

Mwalimu alichezea ukosi wa sweta lake. "Aliwahi kuchekwa?"

Ndiyo, aliwahi. Mwezi wa kwanza wa ndoa alisimama mbele ya wakwe, amevaa shati jipya, akatoa hotuba ya shukrani aliyoikariri. Ilikuwa ndefu. Shemeji walianza, shangazi wakafuata, watoto wakaanguka chini. Na bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa nguo. Hakuwa na ubaya. Alicheka kwa mapenzi, ndivyo alivyojua yeye. Mumewe aliketi, akatabasamu, na tangu siku hiyo mkewe hakuwahi kumsikia akitoa sentensi ya zaidi ya maneno matatu.

"Tulimcheka," alisema. "Mimi nilicheka kuliko wote."

Mwalimu hakumfariji. Alirudi kwenye kazi, ambayo pengine ndiyo faraja aliyoijua.

"Neno hili 'ukuta' nimeliona nyuma." Akapekua, akapekua, akasimama. "Hapa. Miaka miwili kabla ya ukurasa wa mwisho, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu."

Mama Sindano aliijua tarehe hiyo. Bomba la jikoni lilipasuka, na yeye alikuwa na sare thelathini za shule za kukabidhi kesho yake. Mumewe alikuwa chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana. Alimweleza jambo, akamweleza tena, halafu akaigeukia miguu ile akasema alichosema. Alikuwa na hakika kwamba mumewe hakuelewa. Angejuaje neno kama lile?

"'Naishi na ukuta,'" Mwalimu alisoma. "Na chini yake kuna Kichina chenyewe sasa, Kichina hasa. Anajiandikia: uliza maana." Akafunua ukurasa. "Siku tatu baadaye ameandika: kitu kinachosimama, hakisikii." Akashusha kidole mpaka chini. "Na mstari wa mwisho: anasema ni mimi."

Mama Sindano aliitazama mikono yake. Kidole cha shahada kilikuwa na alama nyingi za sindano, na aliziangalia moja moja kama mtu anayesoma.

"Endelea."

"Baada ya hapo anatafuta jibu. Yapo mengi, ameyakata kwa mstari, ameanza upya. 'Mimi si ukuta.' Amekata. 'Mimi hapana ukuta.' Amekata. Mtu huyu alikuwa anapima mara tatu, ee?"

"Mara nne," alisema Mama Sindano.

"Inaendelea miaka miwili." Mwalimu akarudi kwenye ule ukurasa wa mwisho, uliokuwa mchele na kunguru na leso, akausoma taratibu mpaka chini. "'Mimi ukuta hapana. Mimi nasijia.' Nasikia, yaani. 'Mimi nasijia yote. Mdomo tu mzito.' Ameiandika mara kumi na mbili. Hakuna iliyokatwa." Akainua uso. "Alikuwa tayari. Alikwambia?"

Hapo ndipo ilipomjia, na haikuja polepole. Ilikuwa asubuhi, siku mbili kabla ya kifo. Alikuwa kwenye cherehani, anashona mapazia ya hoteli, kitambaa kirefu kisichoisha. Mumewe alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi, na hiyo peke yake ingetosha kumshtua mtu mwenye macho. Alisema, "Mimi..." Na yeye, bila kugeuka, pini zikiwa mdomoni, akasema, "Ngoja kwanza, nimalize upindo huu."

Alingoja. Mkewe aliona kivuli chake sakafuni kikingoja, muda mrefu, mpaka upindo wa kwanza ukaisha na ukaanza wa pili. Kisha kivuli hakikuwepo. Alidhani anataka chai.

"Alianza," alisema Mama Sindano. "Mimi nilikuwa na mapazia."

Na hapo akalia. Miezi saba yote ilitoka kwa mkupuo mmoja, kwa sauti, kichwa juu ya meza ya watu, kati ya kamusi. Alilia kama mtu aliyefiwa saa hiyo hiyo, na kwa kweli ndiyo saa aliyofiwa. Chini kule kwenye duka la matairi mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha. Mwalimu alikaa naye. Hakumshika, hakusema nyamaza. Alisogeza tu daftari pembeni zisilowe.

Mama Sindano alipoinuka alijifuta kwa kiganja, akaulizia kazi, kwa kuwa fundi ni fundi. Kufasiri daftari zote kumi na moja kungechukua siku ngapi?

"Siwezi kukufasiria," alisema Mwalimu. "Hakuna cha kufasiri hapa, isipokuwa mistari michache. Unachohitaji ni mtu wa kukusomea. Njoo Alhamisi, baada ya saa tisa. Alhamisi hakuna anayekuja hapa." Akanyoosha vitabu ambavyo havikuwa vimepinda. "Hata siku nyingine hakuna sana."

"Nitakuja na uzi, niushone huo mkono wa sweta."

"Huu? Uache, tumezoeana."

"Nitakuja na uzi," alisema Mama Sindano.

Alizikusanya daftari, akazifunga kwa mkanda wa kitambaa, zote isipokuwa lile la mwisho. Hilo alilirudisha mezani, akalifungua kwenye ukurasa ule ule, akaligeuzia upande wa Mwalimu. Mkono wake ulibaki pembeni ya karatasi, haukufunika kitu.

"Mara moja tena kabla sijaondoka. Lakini usimsahihishe. Soma alivyoandika yeye."

Mwalimu akavaa miwani. "Zote kumi na mbili?"

"Zote," alisema, na akakiburuta kiti karibu. "Soma. Nasikia."